Mashua Kumi na Tatu: Jeshi Dogo la Majini la Pennsylvania katika Vita vya Uhuru vya Marekani

Tarehe 23 Oktoba 1777, jua likiwa limeshapanda, manowari ya Kiingereza iliyoitwa Augusta ilikuwa imekaa juu ya fungu la mchanga katika Mto Delaware, chini kidogo ya mji wa Philadelphia. Ilikuwa na mizinga 64, na ilikuwa imepwelewa tangu jana yake. Sisi wa pwani neno hilo hatuhitaji kufafanuliwa: maji yamekupwa, chombo kimebaki, na hata uwe na nguvu gani utangoja maji yajae. Augusta ilingoja huku ikipigwa. Mashua fupi za makasia, zilizolala karibu usawa wa maji, kila moja na mzinga mzito omoni, yaani mbele, zilijipanga mbele yake zikiirushia matufe ya chuma. Vyombo vingine vilijazwa vitu vya kuwaka, vikatiwa moto na kuachiwa mkondo uvipeleke. Ilipokaribia adhuhuri moto ulionekana upande wa tezi, yaani nyuma. Mabaharia wakaanza kujitupa mtoni. Kisha moto ukaifikia stoo ya baruti, na mlipuko wake ukatikisa madirisha ya Philadelphia.

Waingereza walisema moto ule ulianza kwa bahati mbaya ndani ya meli yenyewe, kutokana na mizinga yao. Wamarekani walisema ni kazi ya mikono yao. Kwa vyovyote, katika vita vile vyote vya uhuru Waingereza hawakupoteza manowari nyingine kubwa kuliko hiyo katika mapigano na Wamarekani. Mashua zilizoibana hazikuwa za taifa la Marekani wala za Jenerali George Washington. Zilikuwa mali ya koloni moja lililojigeuza jimbo, Pennsylvania, lililokuwa na jeshi lake la majini, bodi yake ya kuliendesha na hazina yake ya kulilipa.

Hapo ndipo wasomaji wengi wanapopotea, na si kosa lao. Tumezoea kusikia "jeshi la majini la Marekani" kana kwamba tangu mwanzo lilikuwa moja. Halikuwa moja. Mwaka 1775, makoloni yalipoanza kupigana na Uingereza, bahari na mito yao ililindwa na vyombo vya mabwana wa aina nne. Washington alikodi jahazi za wavuvi karibu na Boston na kutia askari wake ndani, ili wateke meli za kuwapelekea Waingereza vyakula na silaha. Kongresi, yaani baraza la wajumbe wa makoloni yote, nayo ikaanzisha jeshi lake la majini tarehe 13 Oktoba 1775. Walikuwako pia wafanyabiashara waliopewa hati za kuteka meli za adui na kugawana ngawira. Halafu kulikuwa na majeshi ya majini ya majimbo yenyewe. Kati ya majimbo 13, majimbo 11 yalikuwa na la kwao. Mawili tu hayakuwa nalo, New Jersey na Delaware, na ajabu ni kwamba yote mawili yako kwenye ukingo wa mto huohuo ninaousimulia. Kwa hiyo mto wa majimbo matatu ulibebwa mabegani na jimbo moja.

Pennsylvania na Rhode Island zilitangulia kujipatia vyombo vya vita kabla Kongresi haijawa na hata kimoja. Kwa Rhode Island hilo halishangazi, maana ni watu wa bahari. Pennsylvania ndiyo inayostaajabisha. Koloni hilo lilianzishwa na William Penn baada ya mfalme wa Uingereza kumpa hati ya ardhi mwaka 1681, na Penn alikuwa Mkweka. Wakweka ni walewale ambao magharibi mwa Kenya, tangu misheni ya Kaimosi ilipoanza mwaka 1902, wanajulikana kama Marafiki: Wakristo wanaokataa vita kwa imani yao. Koloni la watu wa namna hiyo halikuwa na desturi ya kulazimisha raia kubeba silaha. Kila lilipotishwa, waliotaka kujilinda walijiunga kwa hiari yao. Ndipo hapo, kuliko kote, zilipoundwa mashua 13 za vita.

Mtu aliyekuwa mbele katika jambo hilo ni Benjamin Franklin. Alikuwa amerudi kutoka London mwezi Mei 1775, akiwa na miaka 69, baada ya kukaa huko miaka mingi akiyatetea makoloni. Mwishoni mwa Juni bunge la Pennsylvania liliunda Kamati ya Usalama, yeye akawa mwenyekiti. Katika Julai iliyofuata Kongresi, iliyokuwa inakutana Philadelphia, ilitia saini barua ya kumsihi Mfalme George wa Tatu apatane na raia wake, wakati mitaa michache kutoka hapo mafundi wanachonga mashua za kupiga mizinga. Wengi wameuita mwenendo huo unafiki. Mimi naona watu walioshikwa katikati, ambao bado hawajaamua wanataka nini, ila wanajua mto wao uko wazi. Neno uhuru lilikuja kutamkwa rasmi mwaka mmoja baadaye.

Mto huo ndio unaoeleza kila kitu. Philadelphia ulikuwa mji mkubwa kuliko yote katika makoloni, na ulikuwa bandari, ijapokuwa kutoka baharini hadi gatini kuna safari ya takriban kilomita 160 ya kupanda ghuba na mto. Njia hiyo imejaa mafungu ya mchanga na matope. Mkondo wa kupita meli kubwa ni mwembamba, unapindapinda, na maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku hadi mbali juu ya mji. Bila rubani mzaliwa wa huko, meli kubwa ilikuwa haijui pa kuweka ubavu. Ukitaka kuufunga mji ule huhitaji manowari za kupambana na manowari. Unahitaji vyombo vinavyokwenda pale ambapo manowari hazifiki.

Kwa hiyo Kamati ikaagiza mashua. Urefu wake ulikuwa karibu futi 50, na upana futi 13 hivi. Zilikuwa bapa chini, na makasia 20, milingoti miwili, na mzinga mmoja mkubwa omoni, mara nyingi wa kurusha tufe la ratili 18 au zaidi. Ya kwanza ilishushwa majini kabla Julai haijakwisha, kwa kuwa maseremala wa meli wa Philadelphia walikuwa mafundi wa sifa. Majina yake yanaonyesha mioyo ya watu wa wakati ule. Nyingine ziliitwa kwa majina ya wenyeji, kama Franklin, Hancock na Dickinson. Nyingine zilipewa majina ya wanasiasa wa Uingereza waliowatetea Wamarekani bungeni London: Burke, Camden, Chatham. Nyingine tena iliitwa Effingham, kwa heshima ya ofisa wa Kiingereza aliyejiuzulu jeshini asije akapigana na Wamarekani.

Ukisoma habari hizi kwingineko, angalia majina hayo. Kulikuwa na mashua ya Effingham ya jimbo na frigeti, yaani manowari ya ukubwa wa kati, ya Effingham ya Kongresi, mashua ya Washington na frigeti ya Washington, zote katika mto mmoja mwaka mmoja. Nimeona maelezo yanayozizamisha siku mbili tofauti mahali pawili, kwa sababu mwandishi alidhani ni moja.

Maisha ndani ya mashua hizo yalikuwa magumu. Mzinga ule ulikula nafasi yote ya mbele. Katikati wamekaa wavuta makasia, na risasi na baruti ziko miguuni pao. Mvua na jua viliwapata hivyohivyo, kwani mashua ilikuwa wazi. Baharia aliyeweza kuvumilia hayo aliwaona wenzake wakipanda meli za watu binafsi, ambako kuna sitaha, tanga na matumaini ya kugawiwa ngawira. Mashua ya jimbo haikutoka mtoni, na mtoni hakuna cha kuteka. Tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, jeshi hili lilisumbuliwa na upungufu wa watu kuliko upungufu wa mbao.

Silaha yake ya pili haikuelea. Robert Smith, seremala na mchoraji wa majengo, ndiye aliyesanifu Carpenters' Hall, jumba ambamo Kongresi ya kwanza ilikutana mwaka 1774. Huyo aliunda makasha makubwa ya magogo, yakasakafiwa na kujazwa mawe, kila moja limepandwa miti mirefu mizima iliyotiwa ncha za chuma. Makasha yalizamishwa kwa safu kuvuka mkondo, ncha zikiwa zimeinama kuelekea baharini na kufichwa chini ya uso wa maji. Meli inayopanda mto ingejichoma yenyewe tumboni. Safu moja iliwekwa Billingsport, na nyingine juu zaidi, kati ya ngome mbili zinazotazamana: Fort Mifflin kwenye Kisiwa cha Matope upande wa Pennsylvania, na Fort Mercer huko Red Bank upande wa New Jersey. Mlango mwembamba uliachwa ili meli za wenyeji zipite, nao marubani wachache tu waliujua.

Hebu sasa tuliweke pamoja. Miti yenye ncha za chuma inamsimamisha adui. Ngome zinazuia asishuke kuing'oa. Mashua zinazilinda ngome na kumpiga adui akikwama. Kila kimoja bila kingine ni bure: makasha yasiyolindwa hung'olewa, ngome zisizo na mashua huzungukwa, na mashua zisizo na makasha na ngome hukimbizwa na manowari kama kuku.

Jaribio la kwanza lilikuja tarehe 8 Mei 1776. Manowari mbili, Roebuck ya mizinga 44 chini ya Kapteni Andrew Snape Hamond, na Liverpool ya mizinga 28, zilipanda mto. Mashua 13 zikashuka kuzipokea karibu na mdomo wa kijito cha Christina, huko Wilmington. Mapigano yalichukua muda wa mchana ule, na Roebuck ikapwelewa kwenye matope. Usiku ukaingia, chombo kile kikubwa kimekaa bila msaada, na mashua hazikukimaliza. Maji yakajaa, kikaelea. Kesho yake wakapigana tena, na safari hii Waingereza wakashuka chini ya mto.

Je, ulikuwa ushindi? Waliosimama ukingoni waliona manowari zinarudi nyuma, wakafurahi. Kisha ukaanza ugomvi. Watu waliuliza kwa nini Roebuck haikuteketezwa. Makapteni wakajibu kwamba Kamati haikuwapa baruti na risasi za kutosha. Wakati lawama hizo hazijapoa, nafasi ya komodoro, yaani mkuu wa mashua zote, ikawa wazi, na Kamati ikampandisha Kapteni Samuel Davidson. Makapteni wenziwe, wengi wao wakiwa wamemtangulia kwa cheo, walikataa kabisa kutumika chini yake, hadi Kamati ikalazimika kumwondoa. Akafuata Thomas Seymour, aliyekuwa mzee, na mnamo Septemba 1777 usukani ukaja mikononi mwa John Hazelwood, mzaliwa wa Uingereza na nahodha wa meli za biashara, bingwa wa kutengeneza vyombo vya moto.

Uasi huo wa makapteni hauwezi kueleweka ukiwapima kama askari wa jeshi la kawaida. Hawa walikuwa manahodha wa mji mmoja, wakijuana tangu utotoni, kila mmoja akijua nani alisafiri na nani na nani alipandisha chombo mwambani. Jeshi la jimbo dogo ni jeshi la majirani. Majirani watakufa pamoja wakilinda nyumba zao, ila hawatasahau nani ni mkubwa kwa nani.

Desemba 1776 mashua zilifanya kazi moja ambayo hutajwa kwa nadra. Washington alikuwa amekimbizwa New Jersey nzima hadi ng'ambo ya Delaware, na Waingereza wakawa ukingo wa pili. Mashua za Pennsylvania zilipanda mto kuulinda. Tarehe 11 Desemba askari wa kukodiwa kutoka Hesse, Ujerumani, waliingia Burlington wakiongozwa na Kanali Carl von Donop. Mashua zikaupiga mji mizinga, na Donop akashindwa kuuweka mkononi. Wiki mbili baadaye Washington alivuka mto huohuo usiku wa Krismasi na kuwashambulia Wahesse wa Trenton. Shika jina la Donop.

Mwaka 1777 Waingereza hawakurudia kupanda mto. Jenerali William Howe aliwapitisha watu wake ghuba jirani ya Chesapeake, akateremka mwishoni mwa Agosti, akamshinda Washington huko Brandywine tarehe 11 Septemba, na tarehe 26 jeshi lake likaingia Philadelphia kwa miguu. Mji aliupata, ila akajikuta hana njia ya kuulisha. Vyakula, baruti na nguo za baridi za maelfu ya askari wake vilikuwa kwenye meli za ndugu yake, Admirali Richard Howe, na meli hizo zilikuwa chini ya mto, nje ya makasha ya Robert Smith. Aliyekuwa mshindi akawa kama aliyezingirwa.

Kwa mabaharia wa Hazelwood hali ilikuwa mbaya kwa namna nyingine. Nyumba zao zilikuwa Philadelphia. Wake, watoto na wazazi wao sasa wako chini ya adui, na wao wanauangalia mji kutoka mtoni. Wengi walitoroka, maofisa wakiwamo. Washington ilimbidi atafute miongoni mwa askari wake wa nchi kavu waliowahi kuwa mabaharia, awapeleke wakashike makasia. Tarehe 27 Septemba frigeti ya Kongresi iliyoitwa Delaware ilisogea kuipiga mizinga Philadelphia, maji yakapwa, ikakwama, ikatekwa. Billingsport ikaanguka mwanzoni mwa Oktoba, na safu ya kwanza ya makasha ikaanza kung'olewa.

Tarehe 22 Oktoba ikawa zamu ya Red Bank. Ndani ya Fort Mercer kulikuwa na watu wapatao 400 wa vikosi vya Rhode Island, wanajeshi Weusi wakiwa miongoni mwao, chini ya Kanali Christopher Greene. Waliowajia walikuwa Wahesse wapatao 1,200, na kiongozi wao alikuwa yuleyule Donop. Alitoa amri ya kujisalimisha, ikakataliwa. Wahesse walivamia jioni kwa pande mbili. Greene alikuwa amewafupishia ukuta, akaacha sehemu ya ngome tupu, na wao walipoingia sehemu ile tupu wakashangilia wakidhani wameshinda, ndipo wakakutana na ukuta wa ndani. Upande wa mto mashua zilikuwa zinawangoja, zikawamiminia mizinga ubavuni walipokuja na walipokimbia. Wahesse waliouawa, kujeruhiwa na kutekwa walikaribia 400. Waliojeruhiwa na kuuawa ngomeni walikuwa wapatao 40. Donop, aliyezuiwa na mashua hizi Burlington miezi kumi kabla, alipata jeraha lililomuua baada ya siku chache katika nyumba iliyo karibu na hapo. Manowari zilizopanda kumsaidia ndizo zilizopwelewa, Augusta na nyingine ndogo iliyoitwa Merlin. Ile ya kwanza ililipuka, na ya pili wenyewe wakaichoma moto siku hiyohiyo.

Tarehe 4 Novemba Kongresi ilipitisha azimio la kuwatunuku panga watu watatu: Greene wa Fort Mercer, Luteni Kanali Samuel Smith wa Fort Mifflin, na Komodoro Hazelwood. Cha kusikitisha ni kwamba wawili wa mwisho tayari walikuwa hawaelewani. Smith aliona mashua zinakaa mbali na ngome yake wakati inapigwa. Hazelwood aliona askari wa nchi kavu hawaelewi kwamba mashua ya wazi ikisimama palepale mbele ya mizinga haimalizi saa moja. Nani aliyepaswa kumwamuru nani? Hazelwood alikuwa mtumishi wa Pennsylvania. Smith alikuwa wa jeshi la Kongresi. Hapo mtoni palikuwa pia na meli za Kongresi zenye makapteni wao, ambao Hazelwood aliwaongoza kwa makubaliano tu, na juu yao wote Washington akituma barua kutoka kambini. Nimezipima lawama hizo mara nyingi, na naona Smith alikuwa na haki ya kuumia, ila kosa halikuwa woga. Kosa lilikuwa mto mmoja wenye wakubwa watatu.

Fort Mifflin yenyewe ilianza kujengwa miaka michache kabla ya vita chini ya mhandisi wa Kiingereza, John Montresor. Mwaka 1777 Montresor huyohuyo ndiye aliyesimamia mizinga ya kuibomoa. Kuanzia tarehe 10 Novemba waliipiga mfululizo. Tarehe 15 Waingereza walifanya jambo ambalo mashua zilikuwa zimewafundisha: walipata chombo kisichohitaji kina kirefu. Meli yao ya Vigilant, iliyopunguzwa uzito, ilipenya kijito cha nyuma ya kisiwa ambacho manowari hazikuweza kuingia, ikasimama karibu na ukuta kiasi kwamba askari waliopanda milingotini waliweza kurusha mabomu ya mkono ndani ya ngome. Hazelwood alitakiwa apeleke mashua kuizuia. Mvua ya risasi kutoka manowari nyingine na mizinga ya nchi kavu ilizirudisha. Usiku ule waliosalia ngomeni walivuka kwenda Red Bank wakiacha bendera inapepea juu ya kifusi.

Baada ya hapo Fort Mercer haikuweza kusimama peke yake, ikaachwa. Ikabaki hesabu ya vyombo. Njia pekee ya kuokoka ilikuwa kupanda mto, kupita mbele ya Philadelphia penyewe na mizinga yake, usiku. Mashua 13 ziliinua makasia, zikajibana na ukingo wa New Jersey, zikapita zote. Meli za Kongresi zilitegemea tanga, na tanga hutaka upepo. Upepo ulipokataa, nyingi zilibaki chini, zikachomwa moto na wenyewe zisije zikatekwa. Miongoni mwake ilikuwa Andrew Doria, ile ambayo mwaka mmoja kabla, tarehe 16 Novemba 1776, ilipigiwa mizinga ya salamu katika kisiwa cha Kidachi cha Sint Eustatius, mojawapo ya salamu za mapema kabisa za nchi ya kigeni kwa bendera ya Marekani. Waliokuwa ukingoni usiku ule waliona meli zinawaka moja baada ya nyingine, zikichukuliwa na maji.

Wanaoandika kwamba jeshi la majini la Pennsylvania lilishindwa wana ushahidi: ngome zilianguka, mto ulifunguliwa. Mimi nahesabu siku. Kutoka tarehe 26 Septemba hadi wiki ya mwisho ya Novemba ni takriban miezi miwili. Katika miezi hiyo Howe alikuwa na jeshi bora kuliko la Washington, ila alilitumia kutafuta njia ya chakula. Katika miezi hiyo pia Jenerali Burgoyne, mwenzake aliyekuwa akishuka kutoka Kanada, alisalimu amri huko Saratoga. Mto ulipofunguka baridi ilikuwa imeingia, na Washington bado alikuwa na jeshi la kulipeleka Valley Forge, kambi yake ya majira ya baridi. Mapema mwaka 1778 Ufaransa ikaingia mkataba na Wamarekani. Sidai kwamba mashua 13 zilileta yote hayo. Nasema zilishika mlango wakati yanatokea.

Kuna watu wengine walioshika makasia na usukani katika majeshi haya madogo, na ni lazima niwataje. Huko Virginia, rubani wa chombo cha jimbo kilichoitwa Patriot alikuwa Caesar Tarrant, mtumwa. Aliziongoza meli za jimbo katika maji aliyoyajua kama kiganja chake, vitani, kwa ajili ya uhuru wa watu waliokuwa wakimmiliki. Vita vilikwisha mwaka 1783, naye akaendelea kuwa mtumwa, hadi bunge la Virginia lilipomnunulia uhuru mwaka 1789. Miaka sita! Philadelphia nako kulikuwa na James Forten, kijana Mweusi aliyezaliwa huru. Mwaka 1781, akiwa na miaka 14, alipanda Royal Louis, meli ya kuteka yenye hati. Ilikamatwa na Waingereza, naye akafungwa miezi kadhaa katika meli ya gereza iliyoitwa Jersey, huko New York. Alinusurika, akawa fundi mkubwa wa matanga Philadelphia, tajiri, na fedha zake akazitumia kupiga vita utumwa.

Waingereza walipoondoka Philadelphia Juni 1778, jimbo lilikuwa limechoka kulipa. Kabla mwaka haujaisha mashua nyingi ziliuzwa. Hapo ndipo masimulizi mengi yanapokomea, lakini jeshi hili lilikuwa na sura moja zaidi. Mapema mwaka 1782 vyombo vya Waingereza na vya wafuasi wao vilijaa kwenye ghuba ya Delaware, vikiteka meli za biashara mlangoni. Wafanyabiashara wa Philadelphia waliigeuza meli ya mizigo kuwa ya vita, wakaipa mizinga 16, na jimbo likaichukua. Waliiita Hyder Ally, kwa jina la Haidar Ali, mtawala Mwislamu wa Mysore kusini mwa India, aliyekuwa akipigana na Waingereza upande wa pili wa dunia. Watu wa mto wa Amerika walijua habari za Bahari ya Hindi kiasi cha kuandika jina hilo tezini mwa meli yao.

Nahodha alikuwa Joshua Barney, miaka 22. Tarehe 8 Aprili 1782 alikutana ghubani na General Monk, meli ya kivita ya Waingereza yenye mizinga mizito kuliko yake. Barney alimwambia mshika usukani mapema: nitakapotoa amri kwa sauti kubwa, fanya kinyume chake. Meli zilipokaribiana akapaza sauti ili Waingereza wasikie, nao wakageuza upande waliodhani anakwenda. Hyder Ally ikageukia upande wa pili, na dasturi ya General Monk, ule mti unaochomoza mbele ya omo, ikanasa katika kamba zake. Waingereza wakawa wamefungwa mahali ambapo mizinga yao haielekei popote, na ya Barney inawapiga kutoka omo hadi tezi. Ndani ya nusu saa ilikuwa imekwisha.

General Monk ilinunuliwa na Wamarekani, ikapewa jina jipya, General Washington, na Barney akakabidhiwa. Alitumwa Ulaya kupeleka barua kwa Franklin, ambaye sasa alikuwa Paris akijadiliana amani na Waingereza. Aliporudi, tarehe 12 Machi 1783, alileta habari kwamba masharti ya amani yametiwa saini, akaipandisha meli ile mto Delaware, akapita Red Bank na Kisiwa cha Matope, akatia nanga Philadelphia.